Yule fundi wa mashine za boti kaniambia mashine yangu nikaifanye NANGA

Wakuu nimetoka huko sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Sitaji jina, mnamjua, kila mwenye boti humu kishapita mikononi mwake. Kaniambia mashine yangu nikaifanye nanga. NANGA. Mbele za watu, huku kashika spana yangu mimi!

Mashine ni ya zamani ndiyo, tustroku silinda mbili ya kuvuta kamba, lakini haijawahi kunilaza majini. Wiki hii ikagoma, navuta mpaka bega linataka kung'oka, kimya. Nafungua plagi zimelowa petroli chapachapa, maana yake mafuta yanafika ila moto hakuna, naziegemeza kwenye bodi navuta tena, hata cheche ya kumtisha sisimizi sioni. Zote mbili! Sasa plagi zote zikikosa moto kwa mpigo si unaanza na kitu kinachozihusu zote, koili mbili, zile zinazokuza umeme wa kila plagi, zife siku moja kama mapacha?

Akasema koili. Nikanunua zote, kimya. Akasema CDI, kile kiboksi cha umeme kinachoamrisha cheche, nikanunua, kimya. Akang'oa flaiwili, lile gurudumu zito la juu, kwa nyundo, wakuu, NYUNDO, na puleta ya kulivutia ipo, zile sumaku za ndani zikibanduka ndo basi tena. Siku tatu mashine imelala uchi, mwisho ananyoosha mgongo anawageukia watu, "hii ifungeni kamba iwe nanga", gati zima likacheka mpaka ndege wakaruka.

Nikaibeba. Nyumbani nikachomoa waya mmoja tu, ule wa swichi ya kuzimia, nikavuta, cheche ya bluu inalia ta ta ta!! Waya umechubuka pale unapopita chini ya kava, unagusa bodi, yaani mashine ilikuwa inazimwa muda wote. Dakika mbili! Hicho ndo cha kwanza kuangalia kabla hujanunua hata skrubu. Halafu mtu anakwambia nanga.

Kasia Moja: Pole mkuu. Yangu alisema niizike.

Mpiga Mbizi: Povu lote hili kwa waya mmoja? Plagi umejua kufungua, huo waya ulikushinda nini kuuchomoa kabla hujampelekea?

Mwenye uzi: Nimemlipa aangalie YEYE! Na angesema imekufa ningenyamaza, kasema nanga.

Bahari Shwari: Ile klipu ya kamba ya usalama ulikuwa umeichomeka? Bila hiyo moto hautoki, wengi wanaisahau wanavuta mpaka jioni

Mwenye uzi: Ilikuwepo. Usinifanye mtoto.

Mzee wa Tanga la Zamani: Na cheche unaipima karibu na matundu ya plagi yanayomwaga petroli, siku moja utaota moto wa boti nzima. Yafunike, plagi ziweke mbali. Na huo waya urudishe ukishauziba, usije ukashindwa kuizima ukiwa majini.

Kasia Moja: Ngoja niulize hapahapa, yangu ya platini, vile vibamba vya kukata na kuunga umeme wa cheche, haina CDI. Asubuhi inawaka vizuri, ikipata joto inakata moto, ikipoa inawaka tena.

Mzee wa Tanga la Zamani: Koili hiyo, au kondensa, kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi na platini. Ipime ikiwa ya moto, ikiwa baridi itakudanganya. Platini nazo zisugue, chumvi inazila, gepu nyingi ni kama nusu milimita.

Mwenye uzi: Jamani nanga!

Mpiga Mbizi: Achana na platini, shida ni plagi feki. Nimefunga mpya juzi, leo moja kaure, ile sehemu nyeupe, imepasuka, inatoa moto pembeni.

Bahari Shwari: Bora wewe wa plagi. Huyohuyo fundi kanifungulia kabureta kanirudishia na skrubu tatu mkononi, eti za akiba

Mwenye uzi: Mbele za watu wakuu. Na spana hajairudisha.

Kasia Moja: Skrubu tatu? Mimi alinibakishia springi