Tiketi za usiku wa mashairi Ngomeni Lamu: karatasi, Till au tovuti?

MwanaLangoni
Asalaam aleikum jamani. Kikundi chetu hapa Langoni kimekusudia kufanya usiku wa mashairi na kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, ndani ya Ngome, tupate fedha za madawati na vitabu vya chekechea ya mtaani. Ukumbi tunauombea ruhusa kwa Makavazi ya Taifa, hilo lina watu wake. Linalotugawanya ni tiketi. Mtu mzima atalipa 500, mtoto 200. Wakubwa wanataka karatasi ziuzwe madukani kama ilivyozoeleka. Wengine wasema Till, ile nambari ya M-Pesa ya kulipia bidhaa, yatosha, mtu alipe kisha aonyeshe ujumbe mlangoni. Na vijana washikilia tovuti ya kuuza tiketi, ile inayompa mnunuzi alama ya kuskani. Mliowahi kuuza, ipi iliwafaa? Pesa hizi ni za watoto, sitaki hata shilingi ipotelee njiani.

Mhazini_Matondoni
Waaleikum salaam dadangu. Mimi nasimama na karatasi, lakini si karatasi ovyo. Chapeni vitabu vyenye nambari, kila tiketi na kipande chake kinachobaki kitabuni. Rangi ya mtu mzima mbali, ya mtoto mbali, na kila moja ipigwe muhuri wa kikundi. Anayechukua kitabu atie sahihi kwenye daftari: kachukua nambari hii hadi hii.

Kisha kuna sharti moja msilipunguze hata kwa ndugu: tiketi isiyorudi kwa mhazini kabla ya siku yenyewe inahesabiwa imeuzwa, na aliyeichukua ailipe. Bila ya sharti hilo mtakuja kusikia "zimebaki nyumbani", na pesa zishanunua unga. Si kwamba watu ni wabaya. Pesa taslimu ikilala nyumbani ina wenyewe wengi.

Na tiketi za bure za washairi na wageni wa heshima nazo zitoke kitabuni zikiwa na nambari. Zisipoandikwa, hesabu ya viti na hesabu ya pesa hazitakutana abadan.

Kijana_Mkomani
Mhazini kasema kweli, ila tatizo alilolitaja mwenyewe ndilo Till inaloliondoa: pesa haipiti mkononi mwa muuzaji. Tuangalie gharama. Mtu akikutumia 500 kwa simu yako ya kawaida, yeye anakatwa shilingi 7. Akilipa kwa Till hakatwi kitu. Kikundi ndicho kinachokatwa asilimia 0.55, na malipo yasiyozidi 200 hayakatwi, kwa hiyo tiketi za watoto zinaingia nzima. Viti 100 vya 500 ni shilingi 50,000, makato yake 275. Kuchapa tu vitabu kutawagharimu zaidi ya hapo.

Jambo moja msifanye: msipokee kwa simu ya mwenyekiti wala ya mhazini, hata awe mwaminifu vipi. Pesa za kikundi zikichanganyika na za mtu, fitina haikosi.

BiKizingitini
Wanangu, mwawaza watu wa mjini peke yao. Sisi wa kisiwa cha Pate twataka kuja pia, na mashairi ni yetu. Huku simu moja hutumiwa na nyumba nzima. Atakayelipa ni mume au kijana, atakayefika mlangoni ni mimi na mashoga zangu. Jina la kwenye ujumbe si langu, sasa mtanirudisha?

Tena ujumbe huo huo mtu aweza kuwatumia watano, kila mmoja akaja na simu yake akisema kalipa.

Kijana_Mkomani
Bi, umenena. Ujumbe wa M-Pesa ni risiti, usifanywe tiketi. Nionavyo: ukishalipa, muuzaji anatazama kwenye simu ya kikundi kama pesa imeingia, asiridhike na simu ya mnunuzi, maana ujumbe wa uongo yeyote aweza kuuandika. Akishaiona, anaandika ile nambari ya muamala, ya herufi na tarakimu kumi, kwenye kipande cha kitabu, ndipo anakata tiketi. Mlangoni inaangaliwa karatasi tu, jina la nani halina kazi.

Mhazini_Matondoni
Hapo tumekutana.

Casuarina_Malindi
Nichangie kutoka Malindi, tulipofanya chakula cha hisani kwa ajili ya wodi ya watoto. Tulitumia tovuti, na sitaipuuza: wageni wa hoteli na watu wa Nairobi walinunua kwa kadi za benki kabla hata ya kufika, na kuskani mlangoni ni haraka. Lakini wenyeji wengi walikuja siku ile ile na pesa mkononi. Na fedha zetu tovuti ilizishikilia mpaka shughuli ikaisha, ilhali wapishi na wenye viti walitaka malipo ya mwanzo. Ilitubidi tukope.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha ulizeni: wanakata kiasi gani kwa kila tiketi, anakatwa mnunuzi au nyinyi, na pesa inatoka siku gani. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, wacheni. Kwa Lamu, kama wageni mnaowatarajia ni wachache wa Shela, mwachieni mtu mmoja wa nyumba ya wageni kitabu kimoja, mambo yaishe.

MwanaAmu_Mombasa
Na sisi tulio mbali? Sitaweza kuja, lakini chekechea ile nitaichangia. Mkiwa na Paybill, nambari ya malipo ya M-Pesa ya aina nyingine, badala ya Till, mlipaji ana nafasi ya kuandika nambari ya akaunti, nami nikaandika MCHANGO na mwingine akaandika KITI. Mhazini hatahangaika kutenganisha. Ila Paybill nyingine humkata mlipaji, inategemea mlivyokubaliana wakati wa kuifungua. M-Changa, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, nayo ipo tangu 2012 na kazi yake ni michango hasa.

MwanaLangoni
Allah awalipe kheri nyote. Nimeyasoma mbele ya kamati jioni hii. Tumeafikiana: Till ya kikundi, na karatasi zenye nambari zitolewe baada ya pesa kuonekana, kwenye maduka mawili tu, la Langoni na la Mkomani. Michango ya walio mbali tutaitafutia njia yake, isichanganywe na viti. Tovuti tumeiacha kwa mwaka huu. Bi Kizingitini, viti vyenu tutavitenga hadi magharibi ya siku yenyewe, mlipe mkifika, taslimu au kwa simu. Ya taslimu nayo itakatiwa tiketi.

BiKizingitini
Ahsante mwanangu. Basi na tarehe muipange siku za bamvua, yaani maji makuu, ya mwezi mpevu. Maji hujaa alasiri, mashua ipite Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, bila kukwama, tufike mapema. Mkitupa siku ya maji mafu, hata mtutengee viti vya mbele, havitapata wa kuvikalia.

MwanaLangoni
Hilo hatukuliwaza, Bi. Nampelekea mwenyekiti sasa hivi, tiketi hazijapelekwa kuchapwa.