Tupeane uzoefu: Morogoro ya kushuka, siyo ya kuchungulia dirishani

Kasoro Bahari

Wakuu salaam. Wengi wetu Morogoro tunaijua kwa Msamvu: basi linasimama, unanunua mahindi, unaona mlima mkubwa umevaa wingu, safari inaendelea. Uzi huu ni kwa mtu anayetaka kushuka.

Ni mji wa vyuo uliokaa chini ya milima ya Uluguru. SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, iko kilomita kama tatu kutoka katikati, mlima ukiwa mgongoni. Kampasi yake nyingine iko Mazimbu. Mzumbe iko njia ya Iringa, halafu kuna Jordan, Chuo Kikuu cha Waislamu na ualimu Kigurunyembe. Kwa hiyo chakula cha bei ya mwanafunzi hakikosi, bajaji hazikosi. Gesti nazo zipo za kutosha, isipokuwa wiki ya mahafali na ile ya kwanza ya Agosti, Nanenane. Ukija siku hizo bila kushika chumba utazunguka na begi hadi usiku.

Sheria ya uzi: njia, muda, malipo, na kinachoharibika. Habari za ex wako wa SUA peleka jukwaa la mapenzi.

Usafiri naanza mimi. Kwa basi kutoka Dar unapandia Mbezi Luis, ni kilomita kama 190, na foleni ya Kibaha ndiyo inayoamua kama utatumia saa tatu na nusu au tano. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ni chini ya saa mbili. Ila kuna mambo mawili. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo kitambulisho lazima, na treni haikusubiri kama kondakta wa Mbezi. La pili, stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji. Ukishuka usiku ulizia bei ya bajaji kabla ya kupanda, kwa sababu pale wote wanajua umetoka Dar.

Mwinamo

Nashika mlima, maana ndiko watu wanakosea zaidi.

Tofautisheni vitu vitatu: Morningside, Bondwa na Lupanga. Mtu anasema "nimepanda Uluguru" kumbe ameishia Morningside. Si vibaya, lakini ushauri wake usiutumie kwa Bondwa.

Morningside ni nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani, juu ya mji, katikati ya mashamba. Unatoka mjini kwa barabara ya Boma, unapita maeneo ya ofisi za mkoa, kisha barabara inakuwa ya vumbi na mawe na inapanda mfululizo. Mtu wa kawaida ni saa mbili hadi tatu kwenda, saa moja na nusu kurudi. Bodaboda hufika mbali kidogo kiangazi, lakini mvua ikinyesha usimlazimishe dereva. Ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na kushuka na pikipiki ndiko kubaya kuliko kupanda.

Bondwa ndiko kwenye minara ya mawasiliano, inaonekana kutoka mjini mawingu yakikubali. Ni zaidi ya mita 2,000 na mji uko kwenye mita 500 hivi, kwa hiyo mnapanda mita 1,500 kwa siku moja. Ukishavuka mashamba unaingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali. Kibali kinachukuliwa ofisini kwao mjini, siyo njiani. Hapa ndipo safari nyingi hufia: watu wanafika mjini Ijumaa jioni, wanataka kupanda Jumamosi alfajiri, na ofisi imefungwa. Shughulikia kibali siku ya kazi, mchana, pamoja na mwongozaji. Malipo ya serikali ni kwa kontroo namba, noti mkononi haisaidii.

Saa ya kuondoka ni 12 asubuhi. Saa 2 umechelewa. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, unakuwa wingu. Jua likishapasha moto mabonde, kazi hiyo inaongezeka, na kuelekea saa 6 mchana kilele mara nyingi kimefunikwa. Anayefika saa 8 anapiga picha ya ukungu. Ndiyo sababu hiyo hiyo upande wa mashariki, kule Kinole na Matombo, kuna mvua nyingi kuliko huku mjini.

Pangeni siku nzima, saa nane hadi kumi kwenda na kurudi. Weka saa ya kugeuka: saa 7 mchana, umefika hujafika, geuka. Jua linazama saa 12 na nusu hivi, lakini ndani ya msitu giza linaingia mapema kuliko barabarani.

Mzigo: maji lita tatu kwa kila mtu. Vijito vipo, lakini juu yake kuna mashamba na watu, usinywe bila kuchemsha au dawa. Joto hupungua karibu nyuzi sita kwa kila mita 1,000, kwa hiyo ukiacha 30 mjini, juu utakuta 20 hivi, na umelowa jasho. Sweta na koti la mvua vikae ndani ya mfuko wa nailoni. Viatu viwe na meno. Raba za soli laini ndizo zinazovunja watu viuno. Suruali ndefu, kwa sababu ya siafu na upupu kwenye vichaka vya chini. Tochi hata kama unaapa utarudi mapema. Fimbo utaikata njiani? Hapana, ni hifadhi. Nenda nayo.

Miezi: Juni hadi Septemba mapema. Machi hadi Mei ni masika, acha. Septemba mwishoni na Oktoba njia ni kavu, ila watu wanachoma mashamba na moshi unaziba mandhari yote.

Jirani wa Kilakala

Mwinamo umesema vizuri ila umeiacha Lupanga, na ndiyo watu wanaidharau kwa sababu kwenye ramani inaonekana karibu, iko juu ya vichwa vyetu. Urefu wake unakaribiana na Bondwa, lakini hakuna barabara ya kukubeba sehemu ya mwanzo. Inasimama wima. Huko juu unapanda kwa mikono, umeshika mizizi. Kushuka magoti yanaanza kutetemeka, na hapo ndipo watu huteguka, siyo wakati wa kupanda. Mtu ambaye hajawahi kupanda chochote aanze na Morningside, wiki nyingine ajaribu Bondwa, kisha Lupanga.

Pia njia zote za chini zinapita mashambani kwa watu. Wale akina mama wanaoshuka na mabeseni ya ndizi na mboga alfajiri wana haraka ya soko, wapisheni upande wa juu wa njia, salimieni. Kupiga picha, omba kwanza. Ukitaka parachichi, nunua, usichume.

Mwinamo

Nakubali kuhusu Lupanga. Niongeze tu kwamba simu hupoteza mtandao ukiwa bondeni, kwa hiyo mwachie mtu mjini jina la njia na saa ya kurudi.

Panya Buku

Siyo lazima kila mtu apande. Asubuhi moja mjini ina mambo mawili makubwa ambayo wenyeji wenyewe hawaendi.

La kwanza ni panya wa SUA. Shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Magawa, yule panya aliyepewa nishani ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alizaliwa na kufundishwa hapa. Panya hakanyagi bomu likalipuka kwa sababu ni mwepesi mno. Anafungwa kamba, anatembea mstari kwa mstari, akinusa baruti anaparua udongo na kupewa ndizi. Kutembelea ni kwa miadi, na ni asubuhi sana. Panya ni mnyama wa usiku, jua kali linamuunguza masikio na mkia, kwa hiyo mafunzo ya uwanjani huisha mapema. Ukifika saa 5 utakuta wamelala.

La pili ni Mazimbu. Ile kampasi ya Solomon Mahlangu ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. ANC walipewa shamba la mkonge lililoachwa, wakajenga SOMAFCO, wakaikabidhi kwa Tanzania mwaka 1992. Yapo majengo yao na yapo makaburi. Ni kampasi inayofanya kazi, kwa hiyo jitambulishe getini, sema unachotaka kuona, na usiende na spika ya muziki. Daladala za Mazimbu zinatoka mjini, nusu siku inatosha.

Karoti za Nyandira

Nashangaa hamjataja Mgeta. Wanaotaka baridi bila kutambaa, nendeni Mgeta. Unashika njia ya Iringa hadi Sangasanga karibu na Mzumbe, unakunja kushoto, barabara inapanda kuelekea Langali na Nyandira. Ni matuta ya mboga kila upande: kabichi, karoti, njegere, na matunda ya baridi kama pichisi, plamsi na stroberi. Koti lazima, Juni na Julai usiku ni baridi ya kweli.

Gari dogo kiangazi hufika kwa uvumilivu, masika unahitaji la kuvuta magurudumu manne. Kona ni nyingi na magari ya mboga yanashuka yamejaa, pigeni honi kabla ya kona. Petroli jazeni mjini. Kwa usafiri wa umma gari hupanda mchana na kushuka alfajiri kufuata soko, kwa hiyo kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ni vigumu. Lala.

Anayependa viungo na mananasi badala ya karoti aende upande wa pili, njia ya Bigwa kuelekea Kiroka, Kinole na Matombo. Joto, unyevu, iliki, mdalasini, pilipili manga. Mlima ule ule, dunia nyingine.

Suka wa Noah

Naongelea hifadhi ya Mikumi na maporomoko ya Sanje kwa bajeti.

Mikumi: barabara kuu ya Iringa inakata hifadhi kwa kilomita kama 50, na mwendo una kikomo, fuata vibao. Vibao vya faini za kugonga wanyama siyo mapambo. Ukiwa kwenye basi kaa dirishani, utaona swala, twiga, pengine tembo. Lakini hiyo siyo kuingia hifadhini. Kuingia unapitia geti la Kikoboga, na bei nzuri ni kukodi Noah au Land Cruiser mkiwa watu sita au saba, mkitoka Moro saa 10 alfajiri ili mfike geti linapofunguliwa. Wanyama wanatembea asubuhi na jioni, saa 7 mchana wote wako kivulini.

Kitambulisho cha NIDA kila mtu, maana ada ya raia na ya mgeni zina tofauti kubwa na bila kitambulisho huna la kubishia. Malipo ni kadi au kontroo namba. Noah inatosha kiangazi kwenye njia kuu za ndani. Masika tambarare ya Mkata ni udongo mweusi wa mbuga: unavimba, unajaza tairi, gari linakaa kama limepandwa.

Sanje, Udzungwa: unakwenda hadi Mikumi mjini, unakunja kushoto njia ya Kidatu na Ifakara. Wengi wanakosea hapa. Kijiji cha Sanje mnakifikia kwanza, lakini ofisi kuu ya hifadhi iko Mang'ula, kama kilomita 10 mbele. Panga malipo na mwongozaji Mang'ula, kisha rudi. Maporomoko yana mita 170 kwa ngazi tatu, mzunguko ni saa nne kwa mwendo wa kupumzika na kuoga. Ndani hakuna barabara ya magari, hifadhi nzima ni miguu. Kwenda na kurudi Moro siku moja inawezekana ila utatumia muda mwingi kwenye gari kuliko kwenye maji. Lala Mang'ula.

Mgeni Njiani

Shukrani wakuu. Swali: Jumamosi moja tu, watoto wawili wa miaka 6 na 9, hatuna gari. Mnapendekeza nini?

Jirani wa Kilakala

Dada au kaka, mlima wa Bondwa usahau. Treni ya asubuhi, bajaji hadi Rock Garden chini ya mlima, kuna maji yanayopita kwenye mawe, watoto watacheza. Mawe yenye ukijani yanateleza, wavue viatu vya plastiki laini. Mchana kula mjini. Panya wanategemea miadi, kama umepata ya asubuhi anza nao, kisha Rock Garden. Kipande cha kwanza tu cha barabara ya Morningside, dakika 40, watoto wanakiweza na tayari mji unaonekana wote chini.

Suka wa Noah

Na tiketi ya kurudi ikate pamoja na ya kuja. Hasa ukiamua kulala, Jumapili jioni wanafunzi na watu wa Dar wanagombania behewa hizo hizo.