Posa imekuja na chuo kimenipokea, nianze na lipi?

Bint Wete
Assalaam alaykum. Nina miaka 26, nasomesha hesabu skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba, kwa diploma. Nimepata nafasi ya shahada chuo kikuu cha SUZA, Unguja, miaka mitatu. Wiki hiyo hiyo ikaja barua ya posa. Kijana namjua, ana duka Chake na mikarafuu ya urithi, na nampenda, sifichi. Anasema niolewe kwanza, kusoma nitasoma. Lini, hasemi, wala nani atalipa nauli ya boti. Mama anasema mume ni riziki na riziki haingoji. Baba kanyamaza, anasubiri neno langu, na wazee wanataka jawabu kabla ya msimu wa karafuu. Mlioolewa mkiwa chuoni, mliwezaje? Na mtoto akija je?

Mama Pili
Waalaykum salaam, mdogo wangu. Mimi niliolewa mwaka wa kwanza, mtoto akaja mwaka wa pili. Mimba haikunisumbua, ilonisumbua ni arobaini. Nilikwenda kujifungulia kwetu Mkoani, mama akanikanda, akaninywesha uji wa pilipili manga, huku nyuma mitihani ikanipita. Nikaahirisha muhula. Niliporudi nikakodi chumba Tunguu, Unguja, mdogo wangu wa kike akanifuata, akawa anakaa na mtoto nikiwa darasani. Bila yeye nisingemaliza. Mambo ya ruhusa ya kusoma yaweke pembeni, kila mposaji anaitoa. Muulize nani atakaa na mtoto, na akutajie jina.

Makonyo
Miye mwanamme, mnisamehe. Mke Unguja, mume Pemba, mwaka wa tatu mtajuana kwa sauti ya simu. Soma kwanza. Hao wazee wake waliipanda mikarafuu wakaingoja miaka mpaka ikazaa, yeye anashindwa kumngoja mtu?

Jirani wa Msikitini
Makonyo, usimtishe mtoto wa watu. Dada, chakula, nguo na makaazi ni juu ya mume hata ukiwa na mshahara, na mshahara wako ni wako. Ada na nauli ni mambo ya kuelewana, kwa hiyo yasemwe kabla ya akdi, walii wako akisikia. Ahadi za simu za usiku hazina shahidi.

Bint Wete
Ahsanteni. Nimemuuliza kama alivyosema Mama Pili. Kamtaja mama yake. Sasa bi mkubwa mwenyewe anaumwa miguu, kutoka ukumbini mpaka uani ni kazi. Nilipomwambia hivyo akasema ndiyo maana anataka nikae Chake kwanza, nimuangalie.

Mama Pili
Ahaa. Ana dada?

Bint Wete
Wawili. Mmoja yuko Muscat. Wa pili nyumba ya tatu kutoka hapo kwao.

Mama Pili
Basi mjomba wako akipeleka jawabu, amuulizie na huyo wa nyumba ya tatu.