Thailand na wapenzi wa jinsia moja: je, kukubalika kuna bei tofauti kwa tajiri na kwa maskini?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, tarehe 22 Januari 2025 sheria ya ndoa sawa ilianza kutumika nchini Thailand, na kwa siku hiyo moja ziliandikishwa ndoa zaidi ya 1,800 za watu wa jinsia moja. Hakuna nchi nyingine ya Kusini-Mashariki mwa Asia iliyokuwa imefika hapo, na katika bara zima Taiwan na Nepal pekee ndizo zilizotangulia. Uandikishaji uliopigwa picha nyingi zaidi ulifanyika Siam Paragon, jumba la maduka ya kifahari katikati ya Bangkok, ambako maofisa wa serikali walipanga meza zao na wachumba wakapita kutia saini. Siwaonei kinyongo watu wale kwa furaha yao, kwani walikuwa wameingojea siku hiyo kwa miaka mingi. Hata hivyo, mahali penyewe pamenifanya niulize kukubalika huku kunamgusa nani hasa, na kunamwacha nani nje.

Kuna majibu mawili ambayo husikika kila suala hili linapoguswa. La kwanza ni kwamba wasomi na watu wa tabaka la kati wa mijini ndio waliofunguka macho, ilhali mwanakijiji wa Isan, eneo la kaskazini-mashariki linalotoa vibarua wengi wa Bangkok, bado amebaki nyuma. La pili linadai kinyume chake: kijijini, kathoey, yaani mtu aliyezaliwa mwanamume lakini anayeishi kwa namna ya kike, amekuwepo siku zote bila kusumbuliwa, na aibu ililetwa na shule, serikali na wakubwa waliotaka taifa lionekane limestaarabika mbele ya wageni. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini hakuna linalotosha. Hoja yangu ni kwamba tabaka haliamui iwapo mtu atakubaliwa au atakataliwa. Linaamua atatozwa nini ili akubaliwe.

Tuitazame kwanza familia maskini. Katika malezi ya Kithai mtoto huhesabiwa kuwa na deni la fadhila kwa wazazi wake, ambalo wenyewe huliita bunkhun, na njia za kulilipa zinajulikana tangu zamani: mtoto wa kiume huingia utawani kwa muda ili wazazi wake wapate thawabu, na mtoto wa kike hutuma fedha nyumbani. Kathoey hufuata njia hiyo ya pili, na mara nyingi hulipa kuliko dada zake, kwa sababu anajua kwamba uvumilivu wa baba yake unategemea bahasha ya mwisho wa mwezi. Mfano maarufu ni Parinya Charoenphol, anayejulikana kama Nong Toom, mtoto wa familia fukara ya Chiang Mai aliyepanda ulingo wa Muay Thai, ndondi za Kithai, akiwa amejipaka vipodozi, akashinda katika uwanja wa Lumpinee mwaka 1998, na mwaka uliofuata akafanyiwa upasuaji wa kubadili jinsia. Ngumi zake ziliwatunza wazazi wake, na nchi nzima ikamshangilia. Wenzake wasio na kipaji cha kupigana wala cha kucheza jukwaani, waliobaki vijijini wakilima mpunga, hawakuwa na kitu cha kuwanunulia shangwe hizo.

Familia ya tabaka la kati hutoza kitu kingine, nacho ni ukimya. Kijana anaweza kuishi na mwenzake kwa miaka kumi, akamleta nyumbani kila sikukuu akakaribishwa kama rafiki, kila aliyeketi mezani akajua ukweli na asitokee hata mmoja wa kuutamka, ilimradi digrii ipo, kazi ni nzuri na jina la familia halijatajwa vibaya mbele ya watu. Mtafiti Peter Jackson wa Australia, aliyeichunguza Thailand kwa miongo kadhaa, amekuwa akieleza kwamba jamii hiyo huvumilia bila kukubali, na nadhani maelezo hayo yanaihusu nyumba ya mtumishi wa serikali kuliko nyumba nyingine yoyote. Tabaka hilohilo ndilo linalojitenga na kathoey kwa bidii kubwa. Zitazameni tamthilia za mapenzi ya wavulana ambazo Thailand inaziuza Asia nzima: wapenzi wake ni wanafunzi wa udaktari au uhandisi, wana ngozi nyeupe na vyumba safi vya kupanga katika majengo mapya, na kathoey akiingia, mara nyingi ameingizwa ili watu wacheke.

Kuna jambo lingine ambalo naona halitajwi inavyostahili. Desemba 1996, baraza la taasisi za Rajabhat, vyuo vya mikoani vilivyokuwa vikiandaa walimu, lilitangaza kuwazuia wapenzi wa jinsia moja kujiunga na masomo ya ualimu, na agizo hilo liliondolewa mwaka 1997 baada ya kupingwa vikali. Rajabhat ndiko alikokwenda mtoto wa mkulima mwenye akili, kwa kuwa ualimu ulikuwa njia ya uhakika ya kutoka shambani na kupata mshahara wa serikali. Chulalongkorn na Thammasat, vyuo vikuu ambako wakubwa wa nchi hupenda kusomesha watoto wao, havikuguswa na marufuku hiyo. Mlango uliofungwa hadharani ulikuwa ule ambao maskini angeweza kuufikia.

Naomba michango, hasa kutoka kwa wenye mtazamo tofauti.

Mchangiaji wa kwanza

Nakushukuru, ndugu mleta mada, lakini naona umeihukumu familia maskini kwa ukali usioistahili. Mimi hufanya biashara ya mawe ya vito, na kazi hiyo imenikalisha mara nyingi Chanthaburi, mji ulio karibu na mpaka wa Kambodia, ambako rubi za Msumbiji na yakuti za Tunduru na Madagascar hufikia mikononi mwa wachongaji wa Kithai. Mwishoni mwa wiki madalali hukodi meza katika mtaa wa vito, na nyuma ya mtaa huo yupo mama mmoja anayeuza supu ya tambi. Mwanawe ni kathoey, na ndiye anayeshika kisanduku cha fedha. Baba yake ni dereva wa pikipiki za abiria, wale wanaovaa vizibao vya rangi ya machungwa; jioni hufika, huvua kizibao, huhesabu noti mbele ya mwanawe na kumkabidhi, kisha hula bila kusema neno. Nilichokiona pale ni imani ya mzazi kwa mtoto wake, na sioni kwa nini tukiite malipo.

Vilevile, mwaka 2008 shule iliyovuma duniani kwa kuwajengea wanafunzi kathoey choo chao haikuwa shule ya kulipia ya Bangkok. Ilikuwa shule ya sekondari ya Kampang, katika mkoa wa Sisaket, ambao uko Isan na ni miongoni mwa mikoa maskini nchini humo. Walimu waliona kwamba watoto hao husumbuliwa katika choo cha wavulana na hawatakiwi katika choo cha wasichana, wakajenga cha tatu na kubandika mlangoni picha ya mtu ambaye nusu yake ni mwanamume na nusu ni mwanamke. Hapakuwa na mtoto aliyetakiwa kulipia huruma hiyo kwa kitu chochote. Nasisitiza kwamba wanyonge wana uwezo wa kumpokea mtu alivyo, na sipendi kuona wema wao ukigeuzwa kuwa hesabu ya faida na hasara.

Mchangiaji wa pili

Naomba kutofautiana na nyote wawili. Kinachoamua si tabaka, bali ni iwapo tofauti ya mtu inaonekana kwa macho. Benki ya Dunia ilichapisha utafiti kuhusu Thailand mwaka 2018, na miongoni mwa waliohojiwa, asilimia 77 ya watu waliobadili jinsia walisema waliwahi kukataliwa kazi kwa sababu ya hali yao, ikilinganishwa na asilimia 62.5 ya wanawake wanaopenda wanawake na asilimia 49 ya wanaume wanaopenda wanaume. Mwanamume anayeweza kuvaa suti na kukaa kimya hupita, kathoey hapiti, na tom, mwanamke mwenye nywele fupi na mavazi ya kiume, yuko katikati.

Dini nayo isisahauliwe. Wabuddha wengi wa Thailand huelewa kwamba mtu amezaliwa hivyo kutokana na matendo ya maisha yaliyopita, na kwa hiyo humhurumia bila kumchukia, lakini huruma hiyohiyo inamweka chini, kama mtu anayetumikia adhabu. Katika mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, Waislamu ndio wengi, na baadhi ya wabunge Waislamu waliupinga muswada wa ndoa bila kujali kipato cha wapiga kura wao. Tukilifanya kila jambo kuwa la tabaka, tutashindwa kuyaeleza haya.

Mleta mada

Nawashukuru nyote. Nianze na ndugu wa Chanthaburi, kwa sababu ushuhuda wake umenigusa. Sikusema kwamba familia maskini haipendi. Upendo wa baba yule siutilii shaka hata kidogo, na nakubali kwamba kazi ya walimu wa Kampang haikudai malipo. Lakini mfano wako umetuonyesha mtoto aliyeshika kisanduku, mtoto anayeibeba biashara ya nyumba. Wale ambao hawakushika chochote hatuwakuti mezani kwa mama muuza supu, kwa kuwa wengi wao huondoka mapema kwenda Pattaya au Bangkok kutafuta riziki, na hurudi nyumbani wakiwa na zawadi mkononi. Utafiti ambao Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilichapisha mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu wa Thailand huwa tayari zaidi kumkubali mtu wa namna hiyo akiwa nje ya familia kuliko akiwa ndani yake. Jirani akiwa kathoey ni sawa; mwanangu akiwa kathoey, ni habari nyingine.

Kwa mchangiaji wa pili, nakubali kwamba kinachoonekana ndicho kinachoadhibiwa, na takwimu ulizozileta sina sababu ya kuzipinga. Ninachoongeza ni kwamba uwezo wa kutoonekana haukugawiwa sawa. Chukua mfano wa jeshi. Kila Aprili vijana wa kiume waliofikisha miaka 21 huitwa kupiga kura ya kuingia jeshini: anayetoa kadi nyekundu huvaa sare, anayetoa nyeusi hurudi nyumbani. Aliyemaliza miaka mitatu ya mafunzo ya akiba akiwa sekondari ya juu husamehewa kabla ya siku hiyo. Aliyeacha shule akiwa na miaka 15 ili akafanye kazi hana msamaha huo, na akiwa kathoey hupanga foleni pamoja na wavulana wengine, mbele ya kijiji kizima, akisubiri kukaguliwa mwili. Kwa miaka mingi waliokataliwa walipewa hati iliyoandikwa kwamba wana ugonjwa wa akili wa kudumu, na hati hiyo ndiyo waajiri wanayoitaka mwanamume anapoomba kazi. Maneno hayo yaliendelea kuandikwa hata baada ya idara ya afya ya akili ya Thailand kutangaza mwaka 2002 kwamba kupenda mtu wa jinsia moja si ugonjwa, hadi mwaka 2011 mahakama ya utawala ilipoamuru yabadilishwe. Ajira za ofisini zilifungwa kwa karatasi moja, na waliobebeshwa karatasi hiyo walikuwa hasa wale ambao shule haikuwakinga.

Nirudi kwenye sheria yenyewe. Ndoa inampa mtu haki ya kumrithi mwenzake, ya kutia saini hospitalini kwa niaba yake, na ya kulea mtoto wa kuasili pamoja naye. Haki ya kutia saini hospitalini inamfaa kila mtu, maskini kwa tajiri, na kwa sababu hiyo pekee ningeiunga mkono sheria hii. Mirathi ina uzito kwa mwenye cha kurithisha. Kathoey mfanyakazi wa kiwandani aliyeoana na mwenzake katika ofisi ya wilaya bado ana kitambulisho kinachomwita Bwana wakati sura na mavazi yake ni ya mwanamke, na kila anapoomba kazi, anapofungua akaunti benki au anapolazwa wodini, ni lazima ajieleze upya mbele ya mtu asiyemfahamu. Mwenye fedha hutibiwa katika hospitali ya kulipia, ambako hupewa chumba chake peke yake na swali la wodi ya wanaume au ya wanawake halijitokezi.

Bunge la Wawakilishi liliupitisha muswada wa ndoa Machi 2024 kwa kura 400 dhidi ya 10, na Seneti ikafuata Juni kwa 130 dhidi ya 4. Februari ya mwaka huohuo, mwezi mmoja tu kabla ya kura hizo 400, Bunge hilohilo lilikuwa limeukataa muswada ambao ungewaruhusu watu kubadili utambulisho wa jinsia katika hati zao. Wabunge walewale, katika ukumbi uleule, walitoa majibu mawili yaliyo mbali namna hiyo. Kwa hiyo ningependa wachangiaji watakaofuata wanieleze, kwa ushahidi na bila kurushiana maneno, ni nani aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya cheti cha ndoa na nani aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya kitambulisho, na kwa nini wa kwanza alisikilizwa na wa pili akaambiwa asubiri.