Trung Thu mjini Hanoi: ni wapi panapofaa kuiona sikukuu yenyewe?

Swali

Ndugu zangu, nitakuwa Hanoi mwishoni mwa Septemba 2026 pamoja na wanangu wawili, wa miaka 6 na 9. Trung Thu, sikukuu ya watoto ya mwezi mpevu, itaangukia tarehe 25. Kila ninakosoma natajiwa mtaa wa Hàng Mã na kuoneshwa picha za umati uliosongamana katikati ya taa za plastiki. Ningependa watoto waone kandili zikitengenezwa kwa mikono, si kuuzwa tu. Niwapeleke wapi, na je, nisubiri siku ya kilele?

Jibu la kwanza

Usisubiri siku ya kilele. Nimeishi Hanoi miaka minne kwa masomo, na mahali ninapopakumbuka zaidi ni Makumbusho ya Etnolojia ya Vietnam, mtaa wa Nguyễn Văn Huyên, eneo la Cầu Giấy. Kwa kawaida huandaa shughuli za Trung Thu siku za mapumziko zinazokaribia sikukuu, na kwa kuwa tarehe 25 ni Ijumaa, chunguza ratiba yao ya Jumamosi na Jumapili zinazotangulia. Jumatatu hufungwa. Huko mafundi huketi na watoto: mmoja anafinyanga tò he, vinyago vidogo vya unga wa mchele uliotiwa rangi na kuchomekwa kwenye kijiti, mwingine anawaonesha namna ya kufunga vijiti vya mwanzi viwe nyota yenye pembe tano.

Waoneshe pia đèn kéo quân. Ndani ya kandili hiyo huwashwa mshumaa. Hewa yenye joto hupanda, huizungusha feni ya karatasi iliyo juu, nayo feni huzungusha picha zilizokatwa, hata vivuli vya askari na farasi vikapita mfululizo kwenye kuta za karatasi. Mwanangu alikaa mbele yake mpaka mshumaa ukaisha.

Jibu la pili

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, lakini naomba Hàng Mã isiachwe kabisa. Jina lenyewe linatokana na vitu vya karatasi vya kuchomea mizimu, biashara ya mtaa huo tangu zamani, na katikati ya plastiki bado utapata barakoa za karatasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka na kupakwa rangi kwa mkono. Kosa ni kwenda usiku. Nenda asubuhi, siku nne au tano kabla, wenye maduka wakiwa na nafasi ya kuzungumza. Ukiwa huko Mji Mkongwe wa Hanoi, onja cốm, mchele mchanga wa kijani unaofungwa kwa majani ya yungiyungi, kwani huu ndio msimu wake.

Neno moja kuhusu tarehe: kalenda yao ni ya mwezi mwandamo, lakini huongezewa mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu, ndiyo maana sikukuu hii haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Mwaka 2025, uliokuwa na nyongeza hiyo, iliangukia Oktoba 6.

Jibu la tatu

Kwa usiku wa tarehe 25 wenyewe, dada, ushauri wangu ni kukaa karibu na makazi ya watu. Mitaa mingi huwaandalia watoto wake meza ya matunda, pamoja na keki za sikukuu, bánh nướng iliyookwa na bánh dẻo nyeupe isiyookwa. Balungi humenywa na vipande vyake kupangwa vikawa umbo la mbwa. Ngoma ya simba hupita, watoto huzunguka na kandili, kisha meza huvunjwa na wote hula. Mwombe mwenye nyumba ya wageni akupeleke. Mgeni mwenye watoto hupokelewa vizuri.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Nitawasili tarehe 18 badala ya 23, ili tupate makumbusho Jumamosi, na Hàng Mã itakuwa Jumatatu asubuhi.