Naomba ushauri: website ya mchele haionekani Google

Habari zenu wakuu. Niko Mbeya, nauza mchele wa Kyela na wa Mbarali, wateja wangu wengi wako Dar na Dodoma. Kuna dogo alinitengenezea website, nikisechi jina la duka inatokea ya kwanza kabisa, ila nikiandika "bei ya mchele wa Kyela" naperuzi mpaka ukurasa wa sita sijioni.

Nilishaiunganisha na Search Console (huduma ya Google ya kuona website yako inavyoonekana kwao) nikatuma na sitemap, yaani orodha ya kurasa zote, ila kurasa 4 kati ya 9 ndo zimeingia Google. Juzi nikagundua kurasa zote zina taito moja, "Karibu", na picha ya gunia ina MB 5, kwa simu hii yangu inafunguka nusu nusu mpaka unakata tamaa (dogo hela alishakula, simu hapokei). Picha nimezipunguza, taito bado sijagusa naogopa kuharibu.

Sasa naomba kujua, Kyela na Mbarali kila mmoja niupe ukurasa wake au niuchanganye kwenye mmoja? Na je niandike Kiswahili tupu au nichanganye na Kiingereza, maana mi mwenyewe nikitafuta bidhaa naandika nusu nusu. Natanguliza shukrani.