Naomba ushauri: maoni ya umma na sera ya nje ya Uingereza, 1876–1878

Wakuu, salaam. Tasnifu yangu ya uzamili inauliza kama wananchi waliwahi kweli kuwafunga mikono watawala wa Ulaya ya karne ya 19 katika mambo ya vita na amani, au kelele zao zilisikilizwa tu zilipowafaa wakubwa.

Nimechagua Uingereza. Gazeti la Daily News lilipofichua mauaji ya Wabulgaria mikononi mwa askari wa Dola ya Osmania, Waziri Mkuu Disraeli aliyabeza. Septemba 1876 mpinzani wake Gladstone, waziri mkuu wa zamani, akatoa kijitabu cha kuyalaani mauaji hayo, zikauzwa nakala zipatazo 200,000 ndani ya wiki chache, na mikutano ya hadhara ikafurika. Urusi ilipoingia vitani dhidi ya Waosmani Aprili 1877, London ikakaa pembeni, wakati kwa miaka mingi ilikuwa ikiwakingia kifua Waosmani. Hapo unasema umma umeshinda. Lakini mapema 1878 Warusi walipoukaribia mji wa Istanbul, umati uleule (au mwingine? ndipo nilipokwama) ukadai vita, madirisha ya Gladstone yakavunjwa, serikali ikapeleka manowari.

Kura za maoni hazikuwapo enzi hizo. Nina magazeti, ambayo kila moja lilikuwa na upande wake, na maazimio ya mikutano. Mwenye uzoefu, unapimaje uzito wa vyanzo vya namna hii? Pia msimamizi wangu anataka niongeze telegramu ya Ems, ile ambayo Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, aliihariri na kuichapisha mwaka 1870 ili kuwachochea Wafaransa. Mimi naona itanitawanya. Nikubali, au nimshawishi tubaki na Uingereza?